Dramu Inayochomoka

Mama yangu anafua mashuka ya gesti. Naanzia hapo kwa makusudi, ndugu msomaji, maana nikianza na mashine utadhani hii ni habari ya fundi mjanja, na siyo. Gesti zenyewe zilikuwa mbili, zote Manzese. Kila siku asubuhi kijana wa baiskeli analeta furushi uani kwetu: mashuka 24, foronya zake, na mataulo yaliyochakaa kama matambara ya kudekia. Jioni vyote vinatakiwa viwe vikavu, vimekunjwa, vinanukia. Mama analipwa kwa shuka, halipwi kwa siku. Mvua ikinyesha shuka halikauki, na shuka lisilokauka halilipwi.

Mimi nimesoma kwa mashuka hayo. Ada ya sekondari, ada ya chuo, nauli, mpaka kalamu za kuchorea ramani, vyote vilitoka kwenye beseni. Nikapata stashahada yangu ya uhandisi mitambo, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki, nikazunguka nayo mjini miezi minane. Si unajua Bongo. Bahasha ikachakaa kabla ya cheti. Mwisho nikatua Gerezani kwa fundi mmoja mzee ambaye kazi yake ni kufufua mitumba ya umeme: friji, pasi, na mashine za kufulia zilizokwisha tumika Ulaya na Uarabuni.

Mashine hizo nyingi zinakuja na ugonjwa mmoja: zinanguruma kama lori linapanda Kitonga. Ugonjwa ni beringi. Nyuma ya dramu kuna msalaba wa alumini wenye miguu mitatu, na katikati yake unatoka mhimili unaopita kwenye beringi mbili. Mbele ya beringi kuna mpira wa kuzuia maji. Mpira ukichoka, maji ya sabuni yanapenya, beringi inakula kutu, na ule msalaba nao unaliwa taratibu mpaka unakuwa kama muhindi uliobunguliwa.

Beringi mpya siyo bei mbaya. Namba 6205, shimo la milimita 25, Kariakoo unaipata. Noma iko kwenye kuifikia. Kwenye mashine nyingi za siku hizi beseni la nje, lile linaloshika maji, ni vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa kiwandani kwa kuyeyushwa. Hakuna skrubu. Fundi hana njia ila msumeno. Unakata beseni lote mzunguko, unabadili beringi, unalirudisha kwa skrubu na silikoni, halafu unamwambia mteja "imepona" huku moyoni unaomba.

Siku moja nimekaa na msumeno, vumbi la plastiki limenijaa puani, nikajiuliza: hivi kwa nini dramu isichomoke? Kama droo ya kabati. Unavuta, inakuja na nguo zake ndani.

Wazo lile lilinishika kama homa. Fundi angefika kwenye beringi bila msumeno. Dramu yenyewe ingekuwa tenga: unafua, unachomoa, unakwenda nayo kambani. Tena nyumba kama yetu, wapangaji sita na ua mmoja, mashine ingekaa uani na kila mpangaji angekuwa na dramu yake chumbani, nguo zisichanganyike, magomvi yasiwepo. Usiku kila mtu analala na dramu yake. Mwizi akibeba mashine, amebeba sanduku.

Nilikuwa na daftari la kurasa 96 ambalo mwanzo lilikuwa la mashairi. Nililigeuza, nikaanzia nyuma, nikachora. Mbele mashairi, nyuma mashine. Kwa wiki tatu sikuandika ubeti hata mmoja, wala sikujuta.

Nilidhani ni mimi wa kwanza duniani. Wewe unayeandika unaijua hali hiyo. Unaamka usiku na hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuisimulia, asubuhi unakuta ilishachapwa kabla hujazaliwa. Nikaingia mtandaoni kwa bando la shilingi elfu moja, nikasoma. Mjerumani Jacob Christian Schäffer alichapisha mchoro wa mashine ya kufulia mwaka 1767. Marekani, James King alipata hataza ya mashine yenye dramu mwaka 1851, unazungusha kwa mkono, na Hamilton Smith akafuata na yake ya kuzunguka mwaka 1858. Alva Fisher wa Chicago akapata hataza ya mashine ya umeme mwaka 1910. Mwaka 2000 Mwingereza James Dyson akatoa mashine yenye madramu mawili yanayopishana, moja likienda kulia jingine kushoto, ili nguo zipindwe kama zinavyopindwa na mikono ya mtu.

Na lililoniuma: mwishoni mwa miaka ya 1990 hukohuko Uingereza kampuni iitwayo Monotub ilitengeneza mashine, ikaiita Titan, na dramu yake ilikuwa inachomoka. Unaibeba kama tenga. Wazo langu, kaka, limeshafanyiwa tangazo! Kampuni hiyo haikudumu. Basi nikajifariji kijinga: wao walishindwa kwa sababu hawakuwa na shida. Sisi tunayo.

Hesabu za mashine hii si za kutisha. Nitakupa mbili tu, uzishike, maana zote mbili zilirudi kunipiga.

Ya kwanza ni ya kufua. Dramu niliyoipata kwenye chakavu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 44, nusu kipenyo 22. Ukiizungusha polepole, nguo zinapanda na ukuta, zikifika juu zinaanguka, pwaa! Kule kuanguka ndiko kufua. Ukizidisha kasi, nguo zinabandika ukutani, haziangukii tena, zinazunguka tu kama abiria wa daladala aliyepitilizwa kituo. Kwa dramu ya upana ule, mpaka ni mizunguko kama 64 kwa dakika. Ukikaa kwenye 45 mpaka 50 unafua. Mkono wa mtu unaweza, bila umeme.

Ya pili ni ya kukamua. Hapo unataka kasi. Nilipanga mizunguko 800 kwa dakika kwa mota ya mashine chakavu. Kwa kasi hiyo kila kitu kilichoko ukutani mwa dramu kinavutwa kwenda nje kwa nguvu mara 157 ya uzito wake. Maji yanakimbia yenyewe. Lakini shuka likijikunja upande mmoja, ikabaki nusu kilo tu isiyo na mwenzake upande wa pili, ile nusu kilo inavuta kama kilo 79. Yaani mtu mzima amening'inia kwenye dramu na anazunguka nayo mara 13 kwa sekunde.

Mashine ya dukani inahimili vurugu hiyo kwa sababu dramu imekazwa na mhimili moja kwa moja, na beseni limetundikwa kwa springi na kuongezewa vizito, mara nyingi vya zege. Yangu ilitakiwa ishike kama imechomelewa, halafu iachie kama droo. Mambo mawili yanayogombana. Nikabuni ncha ya mhimili yenye pembe sita, kama kichwa cha nati, inayoingia kwenye tundu la pembe sita mgongoni mwa dramu, na pini mbili za springi za kuinasa. Beseni la nje likawa pipa la bluu la plastiki lililolazwa ubavu kwenye fremu ya chuma. Chini nikafunga shokapu nne za pikipiki. Mlango bati nene, mpira wake nimeukata kwenye tyubu ya lori. Reli za kuvutia nikazitoa kwenye droo za meza ya ofisi iliyotupwa.

Sasa hela. Mama anacheza mchezo na wenzake 11 wa mtaani, na mwezi wa Februari ilikuwa zamu yake kupokea: shilingi 360,000. Hela hiyo ilishapangiwa kazi. Mwenye nyumba alikuwa amemruhusu mama ajenge banda la kuanikia uani, nguzo na bati 10, ili masika ikifika mashuka yakauke chini ya paa. Miaka minne mama alikuwa akilizungumza banda lile.

Nikamwambia, "Mama, banda la nini? Mashine ikikamua, mashuka yanatoka karibu makavu. Utayaanika hata chumbani."

Akaniangalia. Mama haelewi pembe sita wala mizunguko 800. Anaelewa mtoto wake amesoma. Akafungua fundo la khanga, akahesabu noti mara mbili, akanipa. "Haya, baba. Wewe ndiye msomi."

Sentensi hiyo ningeitia kwenye hadithi ungesema nimetia chumvi.

Jumamosi moja ya Machi, kabla mvua hazijaanza, tukaijaribu. Ua ulijaa. Watoto, wapangaji, kijana wa baiskeli, mpaka mzee wa duka la kona aliyekuja na mizani yake kwa kuwa nilimwomba. Tukapima mashuka matano makavu: kilo 4. Tukayatia, maji, sabuni, nikafunga mlango, nikashika mkono wa kuzungushia. Pwaa, pwaa, pwaa. Kwenye mizunguko 50 ilikwenda kama saa ya ukutani. Maji yalipotoka meusi watu wakapiga makofi. Mama akacheka, kiganja mdomoni. Ningekufa saa ile ningekufa mtu mkubwa.

Nikavua mkono, nikavisha belti, nikawasha mota.

Mwanzo mlio ulikuwa mtamu. Kisha fremu ikaanza kutembea. Mashine ile ilitembea uani kama mbuzi anayevutwa kamba, hatua moja, hatua mbili, na kabla sijafikia swichi nikasikia "ta! ta!" Pini zimekatika. Dramu ikachomoka. Ilichomoka kweli, siyo kwa kuvutwa. Ikajigonga kwenye mlango, bati likavimba kama kifuniko cha kopo bovu, maji yakamwagika ua mzima. Mlango ulishika. Namshukuru Mungu mlango ulishika, kwa sababu mtoto wa jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa amechuchumaa palepale mbele yake dakika moja kabla, mama yake akamwita akanywe uji.

Watu wakatawanyika kwa adabu. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama akasogea. "Hebu nitoe mashuka yangu," akasema, kama mtu anayeepua sufuria. Nikafungua mlango kwa nyundo. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Akainama, akashika ukingo wa dramu, akavuta. Ikaja nusu. Akasimama hapo ameinama, mkono mmoja kiunoni. Hakupiga kelele. Alipumua tu kwa puani, polepole, kama anayesubiri gari lipite. Kisha akajinyoosha na kuniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, hii mashine umeipimia mgongo wa nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni, kila mtu akiwa ndani, nikaichukua tena ile mizani. Mashuka matano yaliyojaa maji: kilo 11. Dramu na kitako chake: kilo 5. Jumla kilo 16, unazivuta umeinama, mikono imenyooka mbele, kutoka kwenye kimo cha goti. Utasema, mbona mama anabeba ndoo ya lita 20? Anabeba. Lakini ndoo anatwishwa, inakaa kichwani, uzito unashuka wima na uti wa mgongo. Na kwenye beseni ananyanyua shuka moja, kilo 2 na kidogo, kisha jingine. Miaka yote mama alishaugawa mzigo mafungu anayoyaweza. Nimekuja mimi na stashahada yangu, nikayakusanya mafungu yote, nikayatia kwenye chuma, nikamwambia vuta.

Masika ikaja. Sitaki kuirefusha sehemu hii. Banda hakuna, mashine hakuna. Mashuka yakaanikwa chumbani kwetu, juu ya kitanda, juu ya kabati, tukalala chini ya mashuka ya gesti yanayodondosha matone. Yakaanza kunuka uvundo. Wiki ya tatu gesti moja ikahamisha mzigo wake kwa mtu mwingine. Nusu ya kipato cha mama, kwisha, kwa kauli ya kijana wa baiskeli aliyekuwa anaona aibu kuisema. Mama hakunisema. Angenisema ningepona.

Nikaacha kwenda Gerezani. Nikamwambia mama nataka kufua. Akacheka, akadhani nafanya toba ya siku mbili. Nikafua naye mwezi mzima, kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Haya ndiyo niliyojifunza, na hayamo kwenye hataza yoyote. Kwamba shuka la gesti si chafu kama nilivyodhani, lina madoa tu. Mama analikunjua, analisoma kama gazeti, anaona doa, anafikicha hapohapo, basi. Kulizungusha shuka zima kwa nusu saa ni kulichakaza bure. Kwamba anasuuza kwa maji matatu, na maji ya tatu hayamwagwi, ndiyo yanayolowekea fungu linalofuata, kwa kuwa maji tunanunua kwa dumu. Mashine yangu ingemwaga yote. Kwamba kufikicha hakumchoshi, anaimba akifikicha. Kinachommaliza ni kukamua. Shuka la kitanda kikubwa halikamuliki na mtu mmoja, basi anafunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba, anashika nyingine, anasokota, anasokota mpaka kifundo cha mkono kinalia. Mara 24 kwa siku. Siku ya nne mimi, kijana wa miaka 25, nilishindwa kushika kijiko.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Uliniuliza?"

Hapo ndipo nilipolifungua daftari upande wa mbele. Yalikuwamo mashairi 11 kuhusu mikono ya mama. Mikono ya mama ni hivi, mikono ya mama ni vile, mikono ya mama ni ramani, ni mbegu, ni nchi. Hakuna hata moja lenye kifundo cha mkono. Hakuna hata moja nililowahi kumsomea. Nilikuwa nimemwandika miaka mitano na kumchorea mashine, na mara zote mbili sikumuuliza kitu.

Usiku mmoja nilimwonyesha kwenye simu hotuba aliyoitoa Msweden Hans Rosling mwaka 2010, nikawa namtafsiria. Rosling alikuwa daktari, na alipata kufanya kazi Nacala, Msumbiji, pwani hiihii yetu. Anasimulia alivyokuwa na miaka minne, siku mama yake alipotia nguo kwenye mashine kwa mara ya kwanza, na bibi yake akakaa kiti mbele ya mashine akaitazama mpaka mwisho. Halafu anafungua mashine aliyoiweka jukwaani, anatoa vitabu. Maana yake, muda uliookolewa kwenye kufua ndio mama yake aliokwenda nao maktaba. Mimi koo lilinikaba. Nikamgeukia mama nione kama naye limemshika.

"Huyo bibi alikaa tu kuitazama?" akauliza.

"Alikaa, mama."

"Mimi ningelala."

Nikaanza upya. Safari hii nilisoma waliotangulia bila wivu. Mapema miaka ya 2010 wanafunzi wawili wa ubunifu huko California walitengeneza GiraDora kwa ajili ya akina mama wa kitongoji kimoja cha Lima, Peru: ndoo yenye dramu ndani, unaikalia kama stuli, unakanyaga pedali, inafua na kukamua. Mwaka 2018 mhandisi Mwingereza Navjot Sawhney alianzisha mradi wa mashine ya kuzungusha kwa mkono, akaipa jina Divya, jina la jirani yake aliyemwona akifua kwa mikono alipoishi India. Niliyaona majina hayo nikaelewa: hawa walianza na mtu, chuma kikaja baadaye.

Ya kwangu ya pili haifui. Kufua tumemwachia mwenye kazi. Inakamua tu. Dramu ni sufuria la alumini lenye kipenyo cha sentimita 30, nimelitoboa matundu pembeni, linaingia mashuka mawili tu. Limesimama wima, mdomo juu, kwenye kimo cha kiuno cha mama. Nilimpima kwa futi yake ya ushonaji, akiwa amevaa kandambili zake za kufulia. Chini kuna pedali za baiskeli na hatua mbili za mnyororo na belti, kila moja mara tatu, kwa hiyo mguu ukienda mizunguko 60 sufuria linakwenda 540. Hiyo ni nguvu mara 49 ya uzito, siyo 157. Haikaushi kama ya dukani. Lakini shuka likikaa vibaya, gramu 300 zisizo na mwenzake zinavuta kama kilo 15, na kilo 15 fremu yangu inaziweza. Maji yanatoka kwa bomba chini, yanaingia kwenye ndoo, yanarudi kazini.

Na dramu inachomoka. Hilo sikuliacha. Ile ncha ya pembe sita ipo, imekaa wima sasa, kwa hiyo uzito wenyewe unaikalisha, na juu nimeweka nati kubwa ya kukaza kwa mkono. Mama anafungua nati, ananyanyua sufuria na mashuka yake, chini ya kilo 4, anaondoka nalo kambani. Hainami. Nilimwomba mzee wa duka aje tena na mizani. Alikuja, ila safari hii alisimama mbali.

Imegharimu shilingi 95,000, nyingi ni chakavu za Gerezani. Siku ya mawingu shuka lililokamuliwa kwa mkono lilikauka jioni. La kwenye sufuria lilikauka kwa masaa matatu. Siyo muujiza. Belti inateleza ikilowa. Mnyororo uliwahi kutia grisi kwenye foronya, tukailipa. Ile gesti iliyohama haijarudi. Na banda bado ni deni langu: kila wiki naweka kitu, nimeshanunua bati 4 kati ya 10, zimeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, zikigongana usiku wa upepo nazisikia.

Nimeileta habari hii kwenye kurasa zetu, wala sikuipeleka kwa mafundi, kwa sababu naona ugonjwa ni mmoja. Sisi tunaoandika tunampenda sana mama, mkulima, mpiga debe, mtoto wa mtaani. Tunamchorea kitu kikubwa kinachong'aa, halafu tunamwambia avute. Mimi sina ushauri mkubwa. Nasema tu, ukaoshe vyombo na mtu huyo mwezi mmoja kwanza.

Ile dramu ya kwanza ipo uani, ya sentimita 44. Mama anaweka humo vibanio na sabuni. Inachomoka vizuri sana.

Juzi, kabla sijaileta makala hii, nilimsomea yote, tangu juu. Alikuwa anakunja foronya. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, nikadhani amelia.

"Mashuka siyo 24," akasema. "Ni 26. Unasahau mawili ya chumba cha mhudumu."

Miaka yote hiyo. Nimeliacha kosa hapo juu, ulione.